Andika Kabla ya Kunawa

Mwanangu, iko siku moja ambayo sijaisahau hata harufu yake. Ilikuwa harufu ya grisi. Baba yangu aliingia uani kwetu, kambi ya Panda, akisukuma baiskeli iliyobeba gunia lililofungwa kwa waya, na majirani wote wakatoka kuangalia. Siku zile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mji wetu wa Likasi ulikuwa unaporwa. Watu walipita na viti vya ofisi, na mabati, na nyaya za shaba, na mmoja nilimwona kwa macho yangu akipita na choo cheupe kichwani, amekishika kwa mikono miwili kama mtungi. Kwa hiyo majirani walipoliona gunia la baba, walijua tu kwamba naye, fundi wa miaka mingi wa pampu za asidi kule kwenye kiwanda cha shaba cha Shituru, amepata chake.

Mama ndiye aliyelifungua. Lilikuwa limejaa madaftari.

«Bantu beko banaleta bintu ya kuuzisha,» mama alisema, «weye unaleta makaratasi?»

Baba hakukasirika. Aliegemeza baiskeli ukutani, akajifuta jasho, akasema, «Motère ya pampu bataleta ingine. Hii nani ataandika tena? Wenye kuiandika balishaka kufa.»

Nikueleze madaftari hayo ni nini, maana bila kuyajua hutaelewa aibu yangu. Kule kiwandani kila pampu ilikuwa na daftari lake, waliloliita kayé, limefungwa kwa waya kwenye mashine yenyewe. Haliondoki pale. Fundi akifungua pampu na kuitengeneza, anaandika alichokikuta na alichokifanya, na anatia jina lake. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna mkubwa aliyeitoa, mafundi wenyewe waliishika: unaandika kabla ya kunawa mikono. Mtu akishanawa, baba alisema, anakwenda kula, anapiga hadithi na wenzake, na akirudi kwenye kayé amesahau nusu na nusu ameipamba. Ndiyo maana kurasa zile zilikuwa na alama nyeusi za vidole gumba kila mahali. Ukurasa safi waliutilia shaka.

Mimi nilicheka. Nilikuwa msichana wa shule ya ufundi, nasomea elektroniki, na nilijiona najua dunia inakoelekea. Pampu zenyewe zimesimama, kiwanda kinakufa, halafu mzee anaokoa madaftari! Gunia likasukumwa chini ya kitanda changu kwa sababu nyumba haikuwa na nafasi nyingine, nami nikalilalia miaka mingi, nikilalamika kwamba linaleta mende.

Miaka iliyofuata unaisikia kwa wazee wengine, sitaichimba sana. Kambi iliyokuwa ikila mkate asubuhi ilianza kula mara moja kwa siku. Wanaume waliozoea king'ora cha kiwanda waliketi mlangoni wakisubiri king'ora ambacho hakilii. Baba alikwenda kazini kwa mazoea tu, akirudi mikono mitupu, na mama alilima mahindi hadi ukingoni mwa barabara. Mimi nilibahatika. Hospitali ndogo ya misheni, kule Kikula, ilikuwa imepata kompyuta kuukuu, na Frère Anselme, mtawa aliyesimamia mambo yote ya ufundi pale, mtu wa upande wa Kasenga, mrefu, mpole, alinichukua nisaidiane na fundi aliyekuwapo.

Fundi huyo aliitwa Célestin. Alinizidi umri, alikuwa na mke na watoto watatu, na aliishi katika nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua wa hospitali. Alikuwa mpole na mzito wa kazi. Jambo ambalo mimi nilimaliza kabla ya chai, yeye alilimaliza jioni, na kila kitu alikiandika katika daftari la shule lenye picha ya twiga juu. Nilimtania sana kwa daftari lile. Nilimwuliza kama mwalimu wake atalisahihisha Jumatatu. Alicheka tu, akaniita Mademoiselle, akaendelea kuandika.

Kazi yetu ilikuwa kuziunganisha kompyuta tatu: moja ya maabara, moja ya famasi, moja ya daktari, ili majibu ya damu na mkojo yafike kwa daktari bila mtu kukimbia na vikaratasi, maana vikaratasi vilikuwa vinapotea, na mara mbili vilifika kwa mgonjwa asiye wake. Sasa ndani ya kila kompyuta kuna kadi, karte kwa lugha yetu, inayopokea waya wa kuiunganisha na nyingine. Kadi hiyo peke yake haijui lolote. Inahitaji maandishi ya kuiongoza: sasa tuma, sasa pokea, sasa ngoja. Maandishi hayo sisi tuliyaita pilote. Kadi zetu tulizipata katika ofisi zilizofungwa, kadi za zamani hata wakati ule, na mfumo tulioutumia Frère Anselme aliuleta kwa diski. Ulikuwa wa aina yake: maandishi yake yote yalikuwa wazi. Yeyote aliweza kuyasoma, kuyarekebisha, na kuyarudisha kwa wenzake duniani ili nao wafaidi.

Nilipoifungua pilote ya kadi yetu mara ya kwanza, juu kabisa nilikuta orodha ya majina, mengine ya nchi ambazo nisingeweza kuzionyesha kwenye ramani. Wa kwanza alieleza kwamba kadi yenyewe hana, ameandika kwa kukisia, na anaomba mwenye kadi amwambie kama inafanya kazi. Wa pili aliandika chini yake: ninayo, umekisia vizuri isipokuwa mahali pawili, nimepasahihisha. Wa tatu alikuja baada ya mwaka, akaongeza lake, akaungama kwamba alichokifanya mwenzake kabla yake yeye alikiharibu bila kujua, sasa amekirudisha. Na kadhalika, watu wanane, hakuna aliyewahi kumwona mwenzake uso.

Ilikuwa kayé, mwanangu. Kayé kamili, imefungwa kwenye mashine yake. Nami niliyelala juu ya gunia zima sikuitambua. Niliyachukua waliyoyaandika wale wanane, nikayatumia, sikuwashukuru hata moyoni.

Basi, kadi zetu zilikuwa na ugonjwa. Zilifanya kazi vizuri, kisha ghafla zikanyamaza, na hazikuamka mpaka uizime kompyuta na kuiwasha upya. Mara tatu, mara nne kwa siku. Daktari alikuwa anachukia. Célestin alikaa na daftari lake akiandika kila mara kadi iliponyamaza, saa ngapi, dakika ngapi. Mimi niliingia katika maandishi ya pilote. Nilihangaika wiki nne, sikujua Kiingereza ila kidogo, nikaenda nayo neno kwa neno, na mwishowe nikaongeza mistari michache: kama kadi imekaa kimya kupita muda fulani, ipigwe teke, iamke. Haikuwa dawa safi, baadhi ya majibu yalipotea njiani na ilibidi yatumwe tena, lakini kadi ziliamka zenyewe. Frère Anselme alinipa mkono mbele ya masista wote. Sijawahi kujivuna kama siku ile.

Na hapo ndipo nilipokosea. Jambo hili sikulifanya kwa bahati mbaya, nakuambia wazi. Nilitoa maandishi yangu kwenye kompyuta zote, nikaacha yale tu ambayo mashine inaweza kusoma na mtu hawezi. Maandishi yenyewe niliyatia katika disketi moja, nikaifunga katika kitambaa changu cha kichwa, nikaiweka mkobani. Ulikuwa wakati wa njaa. Hospitali ilitupa unga na maharage kila mwisho wa juma, na nilikuwa nimeona watu wakiambiwa kwaheri kwa sababu hakuna anayewahitaji. Nilitaka nihitajiwe. Nilitaka kadi ikinyamaza, jina liitwalo liwe langu peke yake.

Frère Anselme aliniuliza siku moja ukumbini, «Léonie, uliandika ile kazi yako? Célestin naye ayue.»

«Niko naandika, Frère,» nilijibu.

«Bon,» akasema, akaniamini.

Miezi kadhaa baadaye dada yangu alijifungua kule Kolwezi, mambo yakawa magumu, mama akanituma nikamwuguze. Niliomba wiki mbili. Mvua zilikata barabara, treni ilikuwa ya kubahatisha, dada hakupona upesi, nikakaa miezi miwili na zaidi. Disketi ilikuwa mkobani mwangu. Simu hakuna. Nakwambia kweli, sikuikumbuka hata mara moja.

Nyuma yangu, diski ya kompyuta ya maabara ilikufa. Célestin akaweka nyingine, akapanga mfumo upya, kila kitu kwa utaratibu wake wa polepole, na akaweka pilote aliyokuwa nayo, akidhani mistari yangu imo, kumbe ni ile ya wale wanane tu. Kadi zikaanza tena kunyamaza. Akazima na kuwasha, akazima na kuwasha, kutwa nzima. Majibu yakachelewa. Wakarudi kwenye vikaratasi, na kikaratasi kimoja kikaenda kwa mama mjamzito asiye wake, akapewa dawa isiyomhusu. Mungu alisaidia, alitapika, akalazwa siku tatu, akapona. Lakini hospitali ilikuwa imepata msimamizi mpya, mtu wa haraka, naye akauliza swali ambalo yeyote angeuliza: mbona msichana alipokuwapo mashine zilikwenda, na huyu mzee ameshindwa? Célestin alisema tu kwamba anafanya kama alivyofanya siku zote. Akaondolewa kazini, na pamoja na kazi ikaondoka nyumba ya vyumba viwili.

Niliporudi walikuwa wameshahama. Nilichomeka disketi yangu, na kabla chai haijapoa kompyuta zote tatu zilikuwa zinazungumza. Masista walipiga makofi. Msimamizi mpya alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kijana mmoja mwenye akili anashinda wazee kumi. Mimi nilisimama pale, nikatabasamu, nikanyamaza. Katika yote niliyoyafanya, mwanangu, tabasamu lile ndilo linalonichoma hadi leo.

Jumapili ile, baada ya misa, baba alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi. Nilimsimulia. Nilidhani atafurahi, maana nyumbani hakukuwa na habari njema nyingi. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

«Célestin eko wapi sasa?» aliuliza.

«Banasema alirudia Kapolowe, kwa bakwabo.»

«Alikosa nini?»

«Hakuyua kutengeneza karte, papa.»

«Juu ya nini hakuyua?»

Baba aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwangu, nikasikia akiburuta gunia chini ya kitanda. Alirudi na kayé moja, akaipangusa vumbi kwenye suruali yake, akatafuta ukurasa bila haraka, akanipa.

«Soma kwa sauti,» alisema.

Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeenda shule kidogo, kwa Kifaransa cha kuvunjikavunjika, na alama ya gumba ilifunika nusu ya mstari. Ilisema: mimi Bwalya, nimekaza boliti ya kifuniko kupita kiasi, chuma kimepasuka. Ni kosa langu. Atakayekuja nyuma yangu asikaze hivyo, kuna ufa upande wa kushoto.

«Ile siku bangaliweza kumufukuza,» baba alisema. «Na batoto alikuwa nabo. Hakuna mwenye alimuona, angalinyamaza tu. Lakini aliandika. Minye nilifika ku ile pampu yeye alishaka kufa. Nikasoma. Kama sikusoma, ningaliweka mukono wangu pale pa ufa, mayi ya asidi ingalinitokea yote.» Alininyooshea mkono wake wa kulia, mkono wa kawaida wa mzee, wenye vidole vitano. «Huu mukono njo ulikulisha. Bwalya njo aliuacha.»

Nilianza kulia. Hakunibembeleza.

«Ya kwako iko wapi?» aliuliza. «Ile ya karte. Onyesha.»

Nikatoa disketi mkobani, ikiwa bado katika kitambaa. Aliitazama, hakuigusa.

«Célestin hakukosa kazi,» alisema. «Weye ulimunyanganya. Ulimunyanganya na nyumba ya batoto yake, na kisha ukachekelea.» Akaketi tena kwenye mahindi yake. Baba yangu hakuwahi kunipiga hata siku moja, na siku ile nilitamani angenipiga.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Frère Anselme, nikamweleza kila kitu. Alikwenda kwa msimamizi, nami nikasimama mlangoni nikiyarudia maneno yangu mbele ya huyo mtu. Alisikia, akakunja uso, akasema nafasi ya Célestin imeshachukuliwa, na nyumba imeshaingiwa na familia ya nesi. Hakunifukuza mimi. Alinihitaji. Unaona namna nilivyopata nilichokitaka.

Kwa hiyo nilipanda lori hadi Kapolowe. Nilimkuta Célestin karibu na maji, anashona wavu, na mkewe, Mama Odile, ameinamia beseni akipasua samaki wa kukausha. Célestin aliinuka, akanikaribisha, akaniita Mademoiselle kama zamani. Mama Odile hakuinuka. Kisu chake kiliendelea.

Nilisema nilichokuja kusema. Nilikisema nikiwa nimesimama, sikuthubutu kuketi. Célestin aliniachia nimalize.

«Minye nilikuwa nawaza ni akili yangu inachoka,» alisema taratibu. «Nilimuambia hata bibi yangu huyu: pengine niko nazeeka.» Akatikisa kichwa. «Kusamehe, nakusamehe. Kurudia kazi, ile haiko mu mukono yako, haiko mu mukono yangu.»

Kisha, mwanangu, alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Aliingia ndani, akatoka na daftari lenye picha ya twiga.

«Kama uko naendelea na ile karte, chukua,» alisema. «Angalia masaa. Kila mara inanyamaza, ni moulin ya kando ya ukuta njo inaanza. Moto unapunguka kidogo, karte inasahau kila kitu. Niliielewa siku ya kuhama tu, nikapenda kukuambia, lakini weye ulikuwa Kolwezi.»

Niliketi chini palepale, nikafungua. Ilikuwa kweli. Miezi ya saa na dakika, na pembeni ameandika: kinu kimewashwa. Kinu cha kusaga mahindi kilichopakana na hospitali kilipowashwa, umeme ulizama kidogo, taa haikuonyesha, lakini kadi ilipoteza yote iliyofundishwa na pilote. Haikuwa imelala, ilikuwa imesahau. Nami miezi yote nilikuwa nampiga teke mgonjwa wa kusahau. Huyu niliyemwita mzito alikuwa ameuona ugonjwa wenyewe, na alinipa bure kile kile nilichomnyima.

Nilirudi Likasi, nikafuta mistari yangu, nikaandika mingine: pilote iwe inaiuliza kadi mara kwa mara kama bado inakumbuka, na ikiwa imesahau, ifundishwe upya tangu mwanzo. Kadi ziliacha kunyamaza. Siku ile nilikuwa nimefungua kompyuta mbili, mikono ina vumbi na mafuta ya feni, na sikunawa. Nilivuta kiti, nikaandika juu ya pilote, chini ya wale wanane: ugonjwa uligunduliwa na Célestin, wa Likasi, kwa kuandika saa miezi mingi, mistari imeandikwa na Léonie, ambaye mwanzo aliificha dawa mbovu kuliko hii, na mtu akaumia. Nakala moja niliichapa kwa karatasi, nikaitundika kwa waya nyuma ya kompyuta ya maabara. Nyingine Frère Anselme alimpa padre aliyekuwa anavuka mpaka kwenda Lusaka, ambako kulikuwa na mtandao wa kuituma kwa wale wenzetu wa mbali.

Jibu lilichukua miezi mitano, likaja kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kitabu cha sala. Aliyetunza pilote ile alishukuru. Aliuliza maswali saba. Tukajibu, barua zikaenda na kurudi hivyohivyo kwa mikoba ya wasafiri, karibu mwaka mzima. Mistari yangu kumi na minane aliifupisha ikawa sita, na nakiri nilinuna siku mbili. Kisha mtu mwingine, wa kisiwa fulani ambako umeme wao nao ni wa kuyumba, akaandika kwamba kadi zake zimepona, na kwamba amekuwa akizitupa mpya akidhani ni mbovu. Mwingine akaona mistari ile inachelewesha kompyuta za aina fulani, akairekebisha. Ikaendelea hivyo. Majina yalifika kumi na matatu.

Karatasi yenye orodha niliipeleka Kapolowe. Célestin aliisoma akitabasamu, akampa mkewe. Mama Odile alipangusa mikono, akaisogeza karibu na macho, akafuata majina kwa kidole mpaka akalifikia la mumewe. Alilisoma kwa sauti. Halafu akanitazama, mara ya kwanza tangu nimjue.

«Jina iko,» alisema. «Nyumba njo haiko.»

Akanirudishia karatasi, akaniwekea bukari, ugali wetu, na samaki, nikala, maana kukataa ingekuwa dharau ya pili.

Sasa mimi ni mzee kuliko baba alivyokuwa siku ya gunia. Kadi zile zimekufa zote, hakuna anayezitengeneza tena. Majuzi mpwa wangu, naye fundi, alinitafutia pilote yetu katika mfumo wa siku hizi, akanieleza kwa upole kwamba imeondolewa. Walitangaza kwanza, wakauliza kama bado kuna mtu mwenye kadi hiyo, hakuna aliyejibu, wakaifuta. Niliona uchungu, sitakudanganya. Halafu akanionyesha kwamba hata kilichofutwa kinahifadhiwa, kila badiliko na jina la aliyelifanya, na pale, miaka ileile ya njaa, palikuwa na Célestin na mimi. Wameliacha hata lile ungamo langu, hakuna aliyelisafisha. Na kayé za baba ninazo. Pampu zake ziliuzwa chuma chakavu zamani.

Mwanangu, neno langu ni hili. Ukijua jambo ambalo kazi ya wengine inalitegemea, liandike, na uliandike siku hiyohiyo ukiwa bado na uchafu wake mikononi, pamoja na ulipokosea. Usingoje uliandike vizuri. Najua unaogopa kwamba wakishajua wote hutahitajika, mimi niliogopa vivyo hivyo na njaa ilikuwa ya kweli. Lakini siku utakapokuwa mbali, yuko mtu atakayesimama mbele ya mashine yako bila jibu, ana watoto, na ataulizwa kwa nini ameshindwa. Mtu huyo mfikirie kabla hujaweka disketi mkobani. Na yule mwenzako wa polepole mwenye daftari, msikilize kabla hajahama. Ukishakosea, rudi ukaseme, hata kama umechelewa. Ila usitarajie kwamba kusema kutarudisha kila kitu. Mimi nilisema, nikaandika, nikasafiri, na Mama Odile alizeeka bila nyumba ile.

Nenda basi kazini kwako. Mungu wa baba yangu akulindie mikono yako yote miwili, akupe wa kukuachia maneno mbele yako na wa kuyasoma yako nyuma yako, na jioni utakaponawa, maji yakukute umeshaandika.